Gesi Isiyotaka Bitiruti

Hurlingham, Nairobi, si mahali pa viwanda. Ukishuka matatu namba 46 kabla ya kufika Yaya, unapokelewa na maduka ya dawa, kliniki za meno, benki, na mikahawa ambamo watu wa ofisi hukutana saa saba mchana. Hata hivyo ni hapo, ndani ya bangalo kuukuu kando ya Barabara ya Argwings Kodhek, nilipojifunza karibu kila ninachokijua kuhusu kukamua rangi kwenye mboga. Bangalo lenyewe lilikuwa na paa la vigae vyekundu na mjakaranda uliokuwa ukiziba mifereji kila Oktoba. Chumba kikuu cha kulala kilikuwa maabara, bafu likawa stoo ya kemikali. Kazi yetu ya kila siku ilikuwa kupima vyakula vya watu: sumukuvu katika mahindi ya huyu, maji katika asali ya yule, kisha kuandika ripoti ambayo mwenye mali hakuipenda.

Habari ya rangi ililetwa na wateja. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo yaliyohusisha mchanganyiko wa rangi za kutengenezwa na kihifadhi kimoja cha vinywaji na utundu wa kupindukia wa watoto. Kuanzia Julai 2010 Umoja wa Ulaya ukalazimisha onyo kwenye kifungashio cha chakula chochote chenye rangi sita zilizotajwa, tatrazini ya manjano ikiwa mojawapo. Habari hizo zilipotufikia, wenye viwanda vidogo vya juisi, aiskrimu na yoguti wakaanza kupiga simu. Walitaka kuandika "rangi asilia" kwenye lebo. Bosi wetu, mtu aliyependa mitambo kuliko faida, akaagiza mtambo uliokwisha kutumika wa kukamulia kwa kabonidayoksaidi.

Ulipofunguliwa kwenye kreti tulitarajia kitu kikubwa. Kilichotoka kilikuwa chombo cha chuma cha pua chenye ujazo wa nusu lita, lakini kuta zake zilikuwa nene kuliko kidole gumba, pamoja na pampu, mabomba membamba, vali, na kitabu cha maelezo kwa Kijerumani. Kimojawapo cha viungo vya bomba kilikuwa kimekatika safarini. Tukamwita fundi kutoka Kariobangi, hodari wa kuchomelea ambaye kazi yake ilikuwa imewahi kusifiwa na bosi mbele yetu sote. Akauzunguka mtambo, akauliza utabeba presha kiasi gani. Nikamwambia baa 350. Akaweka miwani yake mfukoni.

"Mkubwa, mimi nimechomelea boila za shule na za hospitali. Hii yako siichezei. Agiza kiungo chenyewe kutoka huko kilikotoka."

Bosi alinuna, lakini aliagiza. Nimefanya kazi na wahandisi wengi tangu siku ile, na ushauri ule ndio ninaouheshimu kuliko mwingine wowote niliousikia mbele ya mtambo huo.

Kabonidayoksaidi tunaijua sote kwa povu la soda. Ukiibana na kuipasha joto hadi ipite nyuzi 31 za Selisiasi na shinikizo la baa 74 hivi, ambalo ni zaidi ya mara sabini ya shinikizo la hewa pale ufukoni Mombasa, inaacha kuwa gesi na haiwi majimaji. Mpaka kati ya hali hizo mbili unafutika. Wataalamu huiita hali hiyo superkritiko. Ikiwa humo hupenya kwenye vinyweleo vya kitu kwa wepesi wa gesi, na huyeyusha kwa nguvu inayokaribia ya majimaji. Mfaransa Charles Cagniard de la Tour aliligundua jambo hili mwaka 1822 kwa masikio. Alifungia majimaji pamoja na kijiwe cha mviringo ndani ya mtutu, akaupasha moto huku akiubingirisha na kusikiliza kijiwe kikikata maji. Joto lilipofika mahali fulani, mchapo ule wa maji ukakoma. Kijiwe kiliendelea kubingirika, lakini hapakuwa tena na uso wa maji wa kukatwa. Miaka hamsini na saba baadaye, 1879, watafiti Hannay na Hogarth wakaonyesha kwamba vitu vigumu huyeyuka ndani ya gesi iliyobanwa namna hiyo, na ukipunguza shinikizo hudondoka vikiwa kama theluji.

Hapo ndipo penye faida. Njia ya kawaida ya kutoa rangi za mafuta kwenye mimea ni heksani, ndugu yake petroli. Inafanya kazi vizuri na ni rahisi, ila lazima uivukize yote baadaye na umwonyeshe mkaguzi kwamba mabaki yako chini ya kiwango. Gesi haina usumbufu huo. Unafungua vali, shinikizo linaanguka, gesi inakwenda zake, rangi inabaki chini ya chombo. Katika miaka ya 1960 Kurt Zosel, mkemia wa taasisi ya Max Planck mjini Mülheim, Ujerumani, aliitumia kuondoa kafeini kwenye kahawa mbichi bila kuiharibu ladha, na viwanda vizima vikajengwa juu ya ugunduzi huo. Huenda kahawa ya Kirinyaga imepita humo mara nyingi bila mkulima wake kusikia.

Siri ya kuiongoza ni shinikizo. Katika nyuzi 40, lita moja ya kabonidayoksaidi kwenye baa 80 ina uzito wa gramu 280 hivi. Ipandishe hadi baa 300, lita hiyohiyo inapita gramu 900, inakaribia maji. Ikiwa nyepesi hubeba manukato. Ikiwa nzito hubeba mafuta, nta na rangi za jamii ya karotini. Kwa hiyo mtu anayezungusha vali anabadilisha kiyeyushi chenyewe, ingawa mtungi ni uleule. Joto nalo lina vituko vyake. Tulikuwa na mwanafunzi wa mafunzo ya kazini kutoka kampasi ya Chiromo, kijana mwenye haraka, aliyeamini kwamba kila kitu huyeyuka zaidi kikipashwa moto. Akaongeza joto tukiwa kwenye shinikizo la chini, rangi ikapungua, akadhani mtambo umeharibika. Kwenye shinikizo la chini joto huipanua gesi, ikawa nyepesi, nguvu zake zikaisha. Kwenye shinikizo la juu joto hilohilo huongeza mavuno, kwa sababu gesi imeshabanwa kiasi cha kutotanuka sana, na sasa rangi yenyewe ndiyo inayolegea. Nilimwona akiyaandika hayo kwenye daftari kwa wino mwekundu. Leo ni mhadhiri, na wanafunzi wake wanasema hapendi haraka.

Karoti tulizinunua kwa mama mboga aliyekuwa na kibanda kwenye uchochoro ulio nyuma yetu. Alituwekea zile zilizovunjika na zile zenye miguu miwili, ambazo wateja wake wa maghorofani walizikataa. Zilitoka Kinangop, alisema, kupitia soko la Wakulima, na alizitupatia kwa bei ya nusu. Baada ya majuma kadhaa akaniuliza swali ambalo bosi hakuwahi kuuliza.

"Daktari, hizi karoti zote mnazifanyia nini?"

Sikuwa daktari, lakini koti jeupe humpa mtu shahada mbele ya kibanda. Nikamweleza: tunatoa ile rangi yake.

"Mnatoa rangi halafu karoti mnatupa?"

"Ndiyo."

"Kwani si mle tu?"

Nimeusikia ubishi wa aina hiyo kutoka kwa wataalamu wa lishe wenye vyeo, na haukunigusa vile. Tena mama mboga ana hoja. Beta-karotini, rangi ya karoti, ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na watu waliofanya kazi kubwa zaidi ya kuifikisha kwa watoto wa Afrika hawakuikamua popote. Waliizalisha shambani. Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2016 ilikwenda kwa wanasayansi wanne. Miongoni mwao walikuwamo Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa. Kiazi hicho unakichemsha, basi. Ukitaka karotini kwa ajili ya afya ya mtoto, mfuate mama mboga. Ukiitaka kwa ajili ya kuipaka aiskrimu rangi, ndipo unapohitaji mtambo.

Hesabu yake inatia adabu. Karoti mbichi ni maji kwa karibu asilimia 88, na gramu 100 zake zina miligramu 8 hivi za beta-karotini. Kilo kumi zikikaushwa zinakuwa kilo moja na kidogo, na rangi yote iliyomo, hata ukiikamua bila kupoteza chembe, haifiki gramu moja. Chombo chetu kilimeza unga wa kilo mbili tu za karoti. Tungeshinda kutwa tukihangaika na pampu ili tupate rangi isiyofika robo gramu. Ni kweli kwamba miligramu chache zinatosha kupaka lita nzima ya maziwa, lakini ukimwonyesha mhasibu robo gramu chini ya kichupa, uso wake hauchangamki.

Na hiyo robo gramu haikuja kwa hiari. Sehemu kubwa ya rangi hupatikana au hupotea kabla pampu haijawashwa. Karoti ikikwanguliwa ikaachwa mezani, vimeng'enya vyake huanza kuila rangi, kwa hiyo huchovywa kwanza katika maji yanayochemka kwa muda mfupi. Ikianikwa juani hupauka, kwa maana jua huivunja karotini. Tulizikausha kivulini kwenye veranda, jambo lililowezekana Februari na likashindikana kabisa Julai, ambapo Nairobi hukaa chini ya wingu zito na nguo zenyewe hazikauki. Kahawa ya Zosel ilibidi ilowe ndipo kafeini itoke. Karoti kinyume chake: maji yakibaki, huizuia gesi isiifikie rangi, kwa kuwa gesi hii na maji havipatani. Kusaga nako kuna kiasi chake. Ukisaga kwa chenga kubwa, gesi haipenyi. Ukisaga laini mno, unga hushikana, na gesi hujitafutia kichochoro kimoja na kupita humo kama bodaboda kwenye foleni ya Ngong Road, huku unga mwingine wote ukibaki haujaguswa.

Hata hayo yote yakitimia, gesi peke yake haiipendi sana karotini, molekuli ndefu na nzito. Inahitaji msaidizi. Tulitumia ethanoli ya Muhoroni, ile inayotokana na molasi ya miwa, sehemu chache kwa mia. Baadaye tukajaribu mafuta ya alizeti, tukifuata kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ambao mwaka 2006 walichapisha jinsi mafuta ya kanola yanavyoongeza mavuno ya rangi ya karoti. Mafuta yalitufaa zaidi. Hayahitaji kuondolewa, kwa sababu rangi yenyewe itauzwa ikiwa ndani ya mafuta.

Mtungi wa gesi uliotulisha ulikuwa na asili ya karibu. Kule Kereita, Kaunti ya Kiambu, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, kampuni ya Carbacid huchimba kabonidayoksaidi kutoka ardhini, ikaisafisha na kuiuza kwa ajili ya soda, bia na matumizi mengine. Wauzaji wa mitambo hupenda kuiita teknolojia hii ya kijani. Mtambo mkubwa huirudisha gesi na kuitumia tena na tena, kwa hiyo sifa hiyo unaistahili kiasi. Wetu uliitoa dirishani, gesi iliyokuwa imelala chini ya Kiambu, ikaungana na moshi wa matatu. Sikuwahi kuliandika neno "kijani" katika ripoti zetu.

Tulifungua madirisha yote hata asubuhi za baridi, na mlango wa nyuma pia, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hukaa sakafuni. Watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, hawahitaji kufundishwa hilo. Huko gesi hujikusanya katika mabonde madogo wanayoyaita mazuku, na mbuzi au mtu akiingia bila kujua hatoki. Vali ya kutolea ilikuwa na tabia ya kuganda. Gesi ikipanuka ghafla hupoa vibaya sana, bomba likaota sakitu katikati ya Januari, kisha barafu kavu ikaziba njia. Dawa ilikuwa birika la maji ya moto, lililokuwa pia birika letu la chai. Na stima ikipotea, jambo ambalo halikuhitaji mvua kubwa, tulifunga vali na kukaa, chombo kikiwa kimejaa shinikizo, tukizungumza kwa sauti za chini bila sababu yoyote ya kisayansi.

Mteja aliyetufundisha zaidi alikuwa mtengenezaji wa juisi. Alikuja na gunia la bitiruti. Aliwahi kuona nguo ya mke wake ilivyoharibiwa na bitiruti moja, akaamini kwamba rangi yenye ukaidi kiasi hicho ni mali. Tukakausha, tukasaga, tukapakia, tukapandisha baa 300. Tulichokinga upande wa pili kilikuwa tone la mafuta hafifu lenye harufu ya udongo. Tukapandisha zaidi, tukapata tone jingine. Tulipofungua chombo, unga ulikuwa mwekundu vilevile ulivyoingia.

Betanini, rangi ya bitiruti, hupenda maji. Kabonidayoksaidi haipendi maji, wala sukari, wala chumvi, wala protini. Ilipita katikati ya wekundu wote ule bila kuchukua chochote isipokuwa harufu. Mteja alikasirika, bosi akapandwa na aibu. Mimi nilibaki nikinusa ule unga uliobaki. Harufu ya udongo, ambayo ndiyo lawama kuu ya bitiruti katika juisi, ilikuwa imepungua kweli. Tulikuwa tumesafisha bitiruti bila kukusudia. Tangu siku ile, mtu akiniletea mmea na kuniuliza gesi itatoa nini, namuuliza kwanza anachotaka kibaki. Thamani ya kiyeyushi hiki imo katika vitu kinavyovikataa. Heksani hubeba mafuta yote inayoyakuta, pombe kali hubeba karibu kila kitu, halafu unalipa kutenganisha. Gesi hukataa mapema.

Bitiruti yenyewe mteja yule angeweza kuikamua kwa maji yenye ndimu, kwa sababu betanini hutulia kwenye uchachu kidogo na huchukia joto na mwanga. Nilimwambia hivyo. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa maji ya mto.

Alirudi baadaye kuchukua rangi ya karoti, na hapo kukatokea kisa cha pili. Rangi ya mafuta haikai katika juisi. Hupanda juu na kujikusanya shingoni mwa chupa, pete ya rangi ya chungwa ambayo mnunuzi anaidhani uchafu. Inabidi mafuta yavunjwevunjwe kuwa vitone vidogo mno na kuzungushiwa gundi ya migunga, ile inayovunwa na wafugaji wa Isiolo, Samburu na Turkana. Kwa hiyo chupa moja ya juisi ya bustani za Kinangop ingebeba ndani yake gesi ya Kiambu, pombe au mafuta ya alizeti, na utomvu wa kaskazini. Nililipenda wazo hilo. Gharama yake haikupendwa na yeyote. Wateja waliobaki nasi walikuwa wenye siagi ya mimea na aiskrimu, bidhaa zenye mafuta tayari, ambamo rangi ya karoti huingia bila kubembelezwa.

Watu wakisikia hadithi hii huniambia kwa huzuni kwamba Wakenya hawawezi kutengeneza rangi. Hawajafika Kwale. Mzingifuri umepandwa Pwani kwa muda mrefu, na kampuni ya Kenya Bixa hununua mbegu zake huko na kuzalisha rangi ya kuuza nje, ile inayopaka jibini na siagi za Ulaya. Hawahitaji baa 300. Rangi ya mzingifuri imekaa juu ya ngozi ya mbegu. Mbegu nzuri ina asilimia 2 au zaidi ya biksini, zaidi ya mara ishirini ya rangi iliyomo katika karoti kavu, na hutoka kwa kusuguliwa katika mafuta ya moto au maji yenye magadi. Isitoshe, biksini huyeyuka kidogo mno katika kabonidayoksaidi. Mtu wa Kwale ambaye angenunua mtambo wa bosi wangu angekuwa amejinunulia hasara yenye vali.

Mahali ambapo bado naamini mtambo huu ungefaa ni kwenye nyanya. Likopini, wekundu wa nyanya, imejaa kwenye ngozi kuliko kwenye nyama, na kiwanda cha sosi hutupa ngozi na mbegu. Ni malighafi iliyokwisha kukusanywa mahali pamoja na mtu mwingine, kwa gharama yake. Mbegu zenyewe zina mafuta yanayomsaidia msafiri mzito likopini kupanda gari, kwa hiyo huhitaji kuongeza alizeti. Inataka shinikizo la juu na joto la kutosha, lakini inatoka. Shida ni kwamba maganda hutoka kiwandani yakiwa yamelowa na huchacha siku hiyohiyo, hivyo lazima ayakaushe mtu aliye karibu, kwa moto wa kuni au wa stima, na kila shilingi ya moto huo inakatwa kwenye bei ya rangi.

Nilikwenda kumuuliza hilo meneja wa kiwanda kimoja. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, michoro yangu na yote. Kisha akaniambia kwamba maganda yale hayatupwi. Kila asubuhi huja mfugaji wa nguruwe na pikapu, anayapakia mwenyewe, na analipia.

"Sasa wewe," akasema, "utatoa ngapi kwa debe?"